Hicho kiti ni chako, kidai: Nilichojifunza nilipokosa dirisha kwenye SGR

Hebu sema ukweli, msomaji. Umewahi kununua tiketi ya treni, ukaingia ndani ukiitafuta nambari yako, ukapata mtu ameshakaa pale, viatu amevua, njugu amemwaga mezani, na anakuangalia kana kwamba wewe ndiye umepotea? Ulifanya nini?

Kama wewe ni kama nilivyokuwa mimi, ulijifanya unatafuta mtu mwingine. Ukapita, ukaenda kukaa kwingine huku moyo unakuchoma. Njia nzima ukawa unamtetea yule mtu kichwani: labda hajui kusoma nambari, labda ni mgonjwa, labda treni haijajaa, kwani iko nini?

Leo nataka kukuambia kwa nini hiyo tabia si adabu. Nilidhani ni adabu kwa miaka mingi, mpaka siku moja kati ya Voi na Miasenyi.

Siku nilipokausha

Ni kisa cha miaka kadhaa iliyopita, kabla nauli kupanda. Nilikuwa nimesare chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa imenishinda, na masomo yenyewe nilikuwa nimeacha kuyaelewa kitambo. Shida ni kwamba nyumbani Mombasa hawakujua. Mamangu bado alikuwa akiwaambia majirani zetu kule Changamwe kwamba mwanawe karibu atavaa joho. Nikaona mambo haya si ya simu. Nikakusanya Sh1,000, nauli ya daraja la kawaida wakati huo, nikakata tiketi ya treni ya saa mbili asubuhi niende nikamwambie uso kwa uso.

Tiketi ikatoka na kiti cha dirishani. Nilifurahi, lakini si kwa sababu ya ndovu wa Tsavo. Nilitaka mahali pa kugeuzia uso. Safari ya karibu saa sita, na nilikuwa na sentensi moja tu ya kupanga: "Mama, niliacha chuo." Ukikaa katikati ya watu wawili wasiokujua, sentensi kama hiyo haipangiki.

Nikafika Syokimau mapema, mbwa wakanusa mkoba wangu, tiketi ikakaguliwa, nikapanda. Kufika kwenye nambari yangu, nikapata mzee mmoja ametulia dirishani, koti la kijivu, kofia ameiweka mezani. Nikaangalia tiketi. Nikaangalia nambari ya kiti. Nikaangalia tiketi tena. Hakuna makosa.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, kijana."

Maneno yakaishia hapo. Mimi nimelelewa Pwani. Mtu mzima akishaketi, humwinui. Wewe ndiye unamwinukia. Nikameza mate, nikasonga mbele, nikakaa kwenye kiti cha kwanza nilichoona kitupu.

Treni ya asubuhi, kama umewahi kuipanda, husimama kwenye stesheni ndogo: Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi, Mariakani. Kwa hivyo kiti unachokiona kitupu Syokimau huenda si cha bure. Huenda kimelipiwa na mtu anayengoja mbele huko. Mimi hilo sikulifikiria. Emali ikapanda familia ya watu wanne, baba akanionyesha tiketi, nikaondoka. Nikahamia kwingine. Mtito Andei nikaondolewa tena, na huyu wa pili hakuwa na upole. "Buda, kwani hujui kusoma?" Watu wakacheka.

Nikaingia behewa linalofuata kwa aibu. Nikaona kiti cha dirishani hakina mtu, nikajitupa hapo, nikaziba masikio kwa muziki, nikachapa usingizi.

Kilichoniamsha ni kuguswa goti. Msichana mmoja aliyevaa sare ya shule, aliyekuwa ameketi mkabala nami, aliniambia kwa sauti ya chini:

"Kaka, huyo nyanya amesimama tangu Voi. Nadhani hicho kiti ni chake."

Nikageuka. Kwenye njia katikati ya viti alikuwa amesimama mama mzee, leso mabegani, mkono mmoja umeshika mgongo wa kiti. Mguu mmoja una kiatu, mwingine una kandambili kwa sababu umefungwa bendeji na umevimba. Alikuwa amesimama zaidi ya nusu saa.

Nikaruka kama niliyechomwa. "Nyanya, samahani! Mbona hukuniamsha?"

"Nilikuona umelala, mwanangu," akasema. "Nikasema utaamka mwenyewe."

Akafungua fundo la leso, akanionyesha tiketi iliyokunjwa mara nne. Nambari ilikuwa ile ile niliyoikalia. Alikuwa anaenda kwa bintiye Mombasa, kesho yake ana kliniki ya ule mguu.

Msomaji, sijawahi kuona haya kama siku ile. Nilikuwa nimemfanyia nyanya wa watu kile kile nilichofanyiwa mimi, na tofauti ni kwamba mguu wangu haukuwa na bendeji. Mimi nilinyamaza kwa heshima. Yeye naye akanyamaza kwa heshima. Na heshima yetu yote ikaishia kwenye mguu wake.

Nikarudi kwa mzee

Sasa sikuwa na pa kwenda isipokuwa kwenye kiti changu. Nikarudi behewa langu moyo ukidunda, nikasimama mbele ya yule mzee wa koti la kijivu.

"Mzee, niwie radhi. Hiyo nambari uliyokalia ni yangu. Tiketi ni hii hapa."

Akaitazama tiketi. Akanitazama mimi. "Kumbe ni chako? Sasa mbona hukusema tangu Nairobi?"

Halafu akanionyesha kiti chake mwenyewe. Kilikuwa upande wa pili wa njia, hatua mbili kutoka pale, kitupu, kina gazeti tu juu yake. Kimeelekea nyuma. Unajua viti vya daraja la kawaida vimepangwa vikitazamana, watatu upande mmoja na wawili upande mwingine, kwa hivyo wengi husafiri wakielekea walikotoka.

"Nikienda kinyumenyume natapika," mzee akaeleza, na sasa yeye ndiye alikuwa na haya. "Nilidhani mwenye kiti hakupanda. Ungesema, ningekuomba tubadilishane." Na tayari alikuwa ameshika kofia yake, anainuka.

Nikamwambia akae. Nikaenda nikaketi kwenye kiti chake, nikielekea nyuma, hadi Mombasa.

Kwa hivyo dirisha nililikosa mara mbili siku moja. Asubuhi nililiacha kwa woga. Alasiri nilimpa mtu mwenye haja nalo, na akanishukuru. Usiniambie ni kitu kimoja.

Jioni hiyo nikamwambia mamangu mambo ya chuo. Alinyamaza kwa muda mrefu, halafu akaniuliza swali lile lile la mzee: mbona hukusema?

Kwani nambari zinatushinda nini?

Tangu treni hii ianze kubeba abiria Juni 2017, nimeipanda mara za kutosha kujua kwamba wengi wanaokaa kwenye viti vya wenyewe si watu wabaya. Wanafanya wanachofanya kwenye matatu. Kwenye matatu kiti ni cha aliyefika kwanza. Ukitaka kukihifadhi, unatupia gazeti au mkoba kupitia dirishani, na dunia nzima inaelewa. Ukimwambia mtu kwenye matatu ya kwenda Rongai "hicho ni changu", utachekwa hadi ushuke.

Lakini treni si matatu. Kwenye treni hulipii tu kufika. Tiketi yako ina tarehe, behewa na nambari ya kiti, na nyuma yako kuna mamia ya watu waliopangwa vivyo hivyo. Mmoja akihama bila kuuliza, anamhamisha wa pili, wa pili anamhamisha wa tatu, na mwisho wa foleni daima kuna mtu ambaye hana nguvu ya kubishana. Siku yangu alikuwa nyanya wa mguu mbaya. Siku yako anaweza kuwa mama mjamzito au mtoto anayesafiri kwa mara ya kwanza peke yake.

Ndiyo maana nasema kunyamaza si upole. Ni kumpelekea mtu mwingine mzigo wako bila kumwuliza.

Na pesa nazo? Mwanzoni mwa 2024 nauli ya daraja la kawaida kati ya Nairobi na Mombasa ilipanda hadi Sh1,500. Kwa kijana anayehangaika na vibarua, hiyo ni kazi ya siku mbili au zaidi. Si dhambi kutaka ulichokilipia.

Kidai hivi

Basi ufanyeje ili usizue kioja behewa zima? Hizi hapa mbinu zangu, zote nimezijaribu.

*Soma tiketi yako kwanza, yote.* Si nambari ya kiti pekee. Soma tarehe, saa na behewa. Nakuambia hili kwa uchungu. Kuna siku nilimwinua jamaa mmoja dirishani kwa sauti ya mtu anayejua haki zake. Akainuka taratibu, akaiomba tiketi yangu, akaisoma, akanirudishia bila maneno. Nilikuwa behewa la 4. Tiketi yangu ilikuwa ya behewa la 5. Mwendo wa kutoka pale hadi mlangoni ulikuwa mrefu kuliko Syokimau hadi Miritini.

*Anza na salamu.* Si unajua sisi ni watu wa salamu? "Habari ya asubuhi" au "Shikamoo mzee" inampa mtu nafasi ya kugeuka akiwa binadamu, si mtuhumiwa. Ukianza na "We, toka hapo", hata kama angetoka, sasa hatatoka. Ataona afadhali afe pale kuliko kuaibishwa mbele ya watu.

*Mwache na mlango wa kutokea.* Badala ya kusema "umekalia kiti changu", sema "nadhani kuna mchanganyiko hapa, tiketi yangu inasema 43, hebu tuangalie pamoja na yako." Tisa kati ya kumi ya wale niliokutana nao walitoa tiketi zao, wakasema "aah, pole", wakahama. Aliyekosea kwa kutojua hataona haya. Aliyekosea kwa makusudi atapata pa kujificha. Wewe unataka kiti, hutaki kushinda kesi.

*Sema mapema.* Dai kabla treni haijaondoka. Ukingoja mpaka Emali, mtu ameshapanga mizigo, mtoto ameshalala, na wewe ndiye utaonekana msumbufu. Mimi nilingoja karibu hadi Miasenyi, na unajua nani alilipa.

*Usibishane zaidi ya mara mbili.* Kuna watu ambao hawataki kusikia. Nimekutana na mmoja, kijana wa rika langu, miwani ya jua ndani ya treni. Nikamsalimia, nikamwonyesha tiketi. Hata hakuinua macho kwenye simu. "Viti ni vingi, bro. Kaa popote." Nikamwambia tena, taratibu, kwamba nikikaa popote nitakuwa nimekalia cha mwenzangu. "Kwani wewe ni askari?"

Sikumjibu. Sikuinua sauti, sikumpiga picha niiweke mtandaoni, sikumgusa mkoba. Nilienda nikamwita mhudumu wa behewa. Mhudumu akaomba tiketi ya kila mmoja, akatazama, akamwambia jamaa kiti chake kiko wapi. Dakika mbili, mambo yakaisha. Kuita mhudumu si kuchongea mtu. Kuangalia nani anakaa wapi ni sehemu ya kazi yake, na anaifanya bila hasira kwa sababu kiti si chake wala si chako machoni pake. Ni nambari tu.

Na tafadhali, usimrekodi mtu. Najua kizazi chetu kinapenda kumaliza mambo kwa kamera. Lakini kosa la kukaa dirishani halilingani na adhabu ya kutukanwa na nchi nzima.

Ukitaka cha mwenzako, omba

Sasa tugeuze kibao. Labda wewe ndiye unayetaka kuhama. Umepewa kiti cha kuelekea nyuma na tumbo linakusumbua. Au mmekata tiketi mbali mbali na mpenzi wako, mmoja behewa la 3, mwingine la 8. Au umembeba mtoto. Mtoto wa chini ya miaka 3 husafiri bure, lakini hana kiti chake. Anakaa mapajani mwako, na saa sita za mapajani si mchezo.

Hizo ni sababu nzuri kabisa. Lakini sababu nzuri haikupi kiti, inakupa ruhusa ya kuomba. Kaa kwanza kwenye nambari yako. Mngoje mwenye kiti unachokitaka afike. Kisha umwambie wazi: "Dadangu, mimi nikielekea nyuma naugua. Changu ni kile pale, naomba tubadilishane ikiwezekana." Mwonyeshe unachompa. Usimwombe mtu wa dirishani aje katikati ya watatu halafu umwone mbaya akikataa.

Na akikataa, amekataa. Huenda naye ana sentensi anayoipanga.

Wanaosafiri kama familia au mbogi, kateni tiketi pamoja na mapema. Desemba na Pasaka viti huisha haraka, na aliyekata usiku wa kuamkia safari atapata mabaki. Hilo si kosa la abiria aliye karibu na dirisha.

Na wazee wetu?

Najua kuna mtu anasoma hapa akisema, huyu anawafundisha vijana kuwainua wazazi wao. Hapana. Mzee akiwa na haja, mpishe. Mama mjamzito, mpishe. Mtu wa magongo, usingoje akuombe. Nimewapisha, na nitazidi kuwapisha.

Ila mpishe kwa mdomo. Mwambie, "Mzee, hiki ni changu lakini kaa, wewe nipe chako." Hapo nyote wawili mnajua mko wapi. Yeye amekaa bila wasiwasi wa kuinuliwa, na wewe una mahali halali pa kwenda, huzururi mabehewani ukikalia vya watu. Ukimpisha kwa kunung'unika moyoni na kupotea kimya kimya, hujampa mzee kitu. Umemwachia tu kosa ambalo hajui analo.

Yule wa koti la kijivu nilimkuta tena tuliposhuka Miritini, tukingoja mizigo ipungue mlangoni. Akanishika bega, akaniuliza nasoma chuo gani.

"Niliacha," nikamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti.

"Haya," akasema. "Basi hilo nalo liseme mapema."

Nikatoka nje kutafuta matatu ya Changamwe. Safari ijayo, msomaji, ukipata mtu kwenye nambari yako, toa salamu, toa tiketi, useme. Kuna mtu Voi anayengoja kupanda.